Kabla ya kuifuata pini ya chaji Mwanza

Ukifungua PlugShare, programu ya simu inayoonyesha mahali pa kuchaji magari ya umeme, ukaona pini Mwanza, usianze safari bado. Iguse, shuka kwenye maoni, angalia aina ya plagi na tarehe ya mtu wa mwisho kuchaji pale. Kama hakuna aliyewahi kuandika kwamba amechaji, ihesabu haipo mpaka upige simu. Uliza geti linafungwa saa ngapi, na umeme ukikatika jenereta inabeba soketi ile au taa tu.

Nissan Leaf, magari ya umeme, za kutoka Japani zina matundu mawili: CHAdeMO ya chaji ya haraka na Type 1 ya polepole. Chaja ikiwa ya Type 2, nayo ya polepole, waya wa kuunganisha na Type 1 unatosha. Ikiwa ya CCS2 pekee, aina nyingine ya chaji ya haraka, adapta ya kwenda CHAdeMO ni ghali na ina programu yake ndani.

Ikishindikana, inabaki soketi ya ukutani ya gesti. Ampea 10 kwa volti 230 ni kilowati 2.3, ukitoa kinachopotea, betri inapata kama 2. Leaf ya kilowati-saa 40, kutoka asilimia 20 hadi kujaa, ni saa 16 hivi. Wenye waya wa Kijapani hukata plagi wakafunga yetu ya pini tatu. Waya ule unavuta hadi ampea 15, plagi yetu ina fyuzi ya 13. Haikatiki papo hapo: inapika taratibu, soketi inageuka kahawia, plastiki inalainika. Fundi afunge soketi ya bluu ya ampea 16, waya wa 4mm, na breka yake peke yake.

Tatizo kubwa zaidi Mwanza ni ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Nyumba nyingi za milimani zimekaa juu ya miamba, na nondo ya ethi ikigonga jiwe fundi huikata hapo hapo. Taa zinawaka, friji linagandisha, hakuna anayeshtuka. Lakini visanduku vingi vya waya wa chaji hupima ethi kwanza. Visipoipata vinawasha taa nyekundu na kugoma. Wapo mafundi wanaounganisha ethi na nyutro, waya wa kurudisha umeme, ndani ya plagi ili taa izime. Huo ni uuaji: nyutro ikikatika, bodi lote la gari linakuwa na umeme. Zichimbiwe nondo mbili au tatu zilizoachana, kwenye udongo wenye unyevu, ziungwe kwa waya wa shaba, kisha zipimwe kwa mashine.

Malipo mpatane kwa uniti, si kwa usiku. Piga picha mita ya LUKU kabla na baada, vingine vikiwa vimezimwa. Chaji ile ya saa 16 inakula kama uniti 37. Mwenyeji aliye kwenye D1, kundi la TANESCO la bei nafuu kwa wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ukichaji kwake mara mbili umeshamtoa kwenye bei nafuu, kwa hiyo mlipe kwa bei ya juu anayotozwa akipita hapo.