Usiku Mwema, Afande

Mara ya kwanza niliposikia mngurumo ule nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba, hapa Hamilton, jimbo la Ontario, Kanada, na nilidhani ni lori lililotoboka ekzosi. Ulikuwa mzito na wa polepole, wa kutikisa vyombo kabatini, na nilipoinua macho niliona ndege ya pangaboi nne, tumbo jeusi, ikipita chini kuliko nilivyozoea. Jirani yangu, bibi wa makamo ya mama yangu, aliacha kumwagilia maua akasimama kimya mpaka ilipopotea. Nilipomuuliza ni ndege gani, alinijibu kwa jina la mtu: "Mynarski."

Ndege yenyewe ni Lancaster, mali ya jumba la makumbusho lililopo kwenye uwanja wa ndege wa mji huu. Zilitengenezwa zaidi ya 7,000 wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kwa miaka mingi hii imekuwa mojawapo ya mbili tu duniani zinazoweza kuruka. Ubavuni imeandikwa herufi VR-A, zilezile zilizokuwa kwenye ndege aliyoipanda Andrew Mynarski usiku wa tarehe 12 Juni 1944 na asirudi.

Alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Poland, mzaliwa wa Winnipeg, aliyefiwa na baba mapema na kufanya kazi ya kukata ngozi ili kuisaidia familia kabla ya kujiunga na jeshi la anga la Kanada mwaka 1941. Katika ndege ya watu saba yeye alikuwa mpiga bunduki wa juu, katika kibanda cha kioo kilicho mgongoni mwa ndege, na rafiki yake Pat Brophy alikuwa mpiga bunduki wa mkiani, mahali pa upweke kuliko pote, mbali na wenzake na penye nafasi finyu kiasi kwamba mwamvuli wa kurukia ulitundikwa nje ya kibanda. Jioni ile, wakisubiri kuondoka katika kituo chao kaskazini mwa Uingereza, Mynarski aliokota nyasini jani la klova lenye vipande vinne, ambalo kwa Wazungu ni fali njema, akampa Brophy. Ilikuwa safari yao ya 13.

Walitumwa kupiga kituo cha reli cha Cambrai, Ufaransa, ili Wajerumani wasipate njia ya kupeleka askari Normandy, ambako majeshi ya washirika yalikuwa yametua siku sita tu kabla. Kabla hawajafika, ndege ya Kijerumani iliwavamia kwa chini, injini mbili za kushoto zikazima, na moto ukawaka kwenye bawa na ndani ya kiwiliwili cha ndege. Rubani, Art de Breyne, aliamuru watu waruke. Kibanda cha Brophy kwa kawaida kilizungushwa kwa nguvu iliyotoka kwenye mojawapo ya injini zile zilizokufa, na alipojaribu kukizungusha kwa mkono, kishikio kilikatika. Milango yake ikabaki imeelekea pasipo na njia.

Mynarski alikuwa tayari ameshafika kwenye mlango wa kurukia. Alipogeuka na kumwona mwenzake amenasa, alitambaa ndani ya moto wa mafuta mpaka mkiani, akapiga kibanda kwa shoka, kisha akakivuta kwa mikono mitupu, huku nguo zake zikiwaka kuanzia kiunoni. Brophy alimpungia mkono kwamba aende zake. Alipofika tena mlangoni alisimama wima, akapiga saluti, na midomo yake ikatamka kitu ambacho Brophy hakukisikia kwa kelele, lakini alikijua, kwa sababu ndivyo walivyokuwa wakiagana kwa utani kila usiku kambini: Usiku mwema, afande.

Aliruka mwamvuli wake nao ukiwa unaungua. Wafaransa walimkuta angali hai, lakini hakuchukua muda, akafa kwa majeraha ya moto. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Ndege ilianguka na mabomu yake. Iligonga mti, na kwa kishindo kile Brophy akatupwa nje ya kibanda akiwa mzima. Wengine watano nao walinusurika. Wafaransa walimficha Brophy, na aliporejea Uingereza mwezi Septemba ndipo alipoambiwa kwamba rafiki yake hayupo. Kwa maelezo yake, Mynarski alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani ya Uingereza, mwezi Oktoba 1946.

Hapa ndipo ninaposhindwa kuiacha habari hii. Kiswahili kina neno moja, shahidi, kwa aliyeona na kwa aliyekufa, na usiku ule wote wawili walikuwa wakitazamana katika ndege moja. Mti ule ungekuwa hatua kadhaa pembeni, Mynarski angebaki jina tu katika orodha ya askari 55,573 wa kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza waliokufa, na saluti ile isingejulikana. Ni wangapi kati yao walifanya jambo kama hilo mbele ya watu ambao hawakuokoka? Wala siwasahau raia wa miji ya Ujerumani ya Hamburg na Dresden waliounguzwa na ndege za aina hiihii. Najua ni kwa ajili yao watu wengi waliona uzito kuwajengea askari hawa mnara, na ule wa London ulizinduliwa mwaka 2012 tu.

Mwezi uliofuata nilikwenda kuiona ndege ikiwa chini. Mkia wake una mitutu minne ya bunduki na kioo ambacho mtu mwenye mwili wangu angekaa amebanwa mabega. Nilisimama ubavuni, penye mlango wa nyuma, nikapima kwa macho mpaka kwenye kibanda. Ni hatua chache tu. Brophy alieleza kwamba Mynarski aliporudi mlangoni hakumgeuzia mgongo; alitambaa kinyumenyume ndani ya moto, akimtazama.