Kijana anayeitangaza LibreOffice bure apewe nini?

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la OpenOffice, programu ya ofisi ya bure kabisa. Mwaka 2010 LibreOffice ikazaliwa kutoka OpenOffice hiyohiyo. Lakini ukiingia steshenari za Mabibo, Mwenge au Mbagala leo, wenye duka wengi ninaokutana nao hawajawahi kuzisikia zote mbili. Wanachapa barua za maombi ya kazi na mikataba ya pango kwa programu za wizi zilizoletwa kwenye flashi, pamoja na virusi vyake. Programu nzuri haijipeleki yenyewe mtaani, lazima apatikane mtu wa kuipeleka.

Mimi ninaratibu vijana wanaoipeleka LibreOffice. Wengi ni wanafunzi, au wahitimu wanaosubiri ajira. Hawaandiki msimbo wa programu hata mstari mmoja, na ndiyo maana kazi yao husahaulika kirahisi. Kufunga programu ni dakika chache tu. Kazi yenyewe inaanza pale mteja anaporudi analalamika kwamba faili lake limekataa kufunguka kwa afisa utumishi, na mama mwenye duka anasema, "Mwanangu, nirudishie ile ya zamani." Kijana anamjibu kwa adabu, "Mama, nipe dakika moja." Anamwonyesha kwamba programu ilihifadhi kwa odt, aina ya faili ya LibreOffice yenyewe, anaipanga ianze kuhifadhi kwa docx, aina ya faili ya Microsoft Word, kisha anamfundisha kutoa PDF ili barua isivurugike popote itakapofunguliwa. Uvumilivu wa namna hiyo ninauheshimu kuliko ninavyoweza kueleza.

Sasa tuwalipe nini? Fulana na stika wanazipenda, na mimi nazipenda, lakini kondakta wa daladala hapokei stika. Kwanza kabisa ni nauli na bando, vitumwe kwa simu asubuhi kabla kijana hajatoka nyumbani. Kumwambia "utarudishiwa" mtu asiye na kipato ni kumchagua mwenye wazazi wenye uwezo na kumwacha mwenzake.

Kulipa kwa kila kompyuta nakupinga waziwazi. Kuna mradi mmoja niliuona ukifanya hivyo: vijana walifunga haraka, wakapiga picha, wakahamia duka la pili. Hakuna aliyebaki kusubiri yule mteja mwenye malalamiko.

Halafu kuna jina. Kivinjari cha Firefox kilipotoka mwaka 2004, wapenzi wake walichanga fedha za tangazo la kurasa mbili katika gazeti la New York Times, na majina ya maelfu ya waliochanga yakachapwa humo. Mtu wa kawaida kabisa alijiona gazetini. Sisi hatuna fedha za gazeti, ila tuna barua. Si cheti cha "ameshiriki" chenye maua pembeni! Ni barua inayosema kijana huyu amefundisha wenye maduka fulani, mtaa fulani, kwa kipindi fulani, ametatua matatizo haya na haya, na mwenye duka mmoja ameweka namba yake kwa ridhaa yake. Mwajiri anapouliza uzoefu, hapo upo.

La mwisho wengi hulisahau, nalo ni kura. The Document Foundation, taasisi inayoisimamia LibreOffice, hupokea uanachama wa watu waliochangia, hata wasio waandishi wa msimbo, na wanachama ndio huchagua bodi. Kwa hiyo jioni nyingine tunakaa Sinza tunaandika maombi pamoja, kila mmoja akieleza alichofanya kwa maneno yake. Dada mmoja aliponiuliza kama kweli kura ya mtu wa Manzese itahesabiwa sawa na ya mhandisi wa Ujerumani, nilimjibu ndiyo, na nilifurahi sana kumjibu hivyo.

Kama unaajiri hapa mjini na barua yetu ikakufikia mezani, tafadhali mpigie yule mwenye duka. Muulize kijana alikaa naye hadi saa ngapi.