Nilivyofufua maktaba ya Python iliyotelekezwa

Maktaba yenyewe, yaani msimbo ulio tayari ambao programu nyingine huuita, ni ndogo, ya kutengeneza ripoti, na toleo lake la mwisho lilitoka enzi za Python 3.7. Nilianza na leseni. Ilikuwa MIT, inayoruhusu kutumia, kubadilisha na kusambaza. Lingekosekana faili la leseni ningeachana nayo hapohapo, maana msimbo kuonekana hadharani si ruhusa ya kuusambaza.

Nikamwandikia mwenye mradi, bila kuomba funguo za mradi. Tangu ulipogunduliwa mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, Machi 2024, uliopenyezwa na mtu aliyejijengea imani kwa kusaidia kwa muda mrefu, mgeni anayetaka haki ya kupakia matoleo siku ya kwanza anastahili kutiliwa shaka. Niliomba tu kukagua mabadiliko ya watu yaliyokuwa yamelala bila kujibiwa.

Nikisubiri, nilifanya kazi kwenye nakala yangu. Wengi huharibu hapa: wanasakinisha kwa Python ya leo, inagomea `distutils` (zana ya zamani ya kufungasha) iliyoondolewa katika 3.12, wakitengeneza, inagomea `collections.Mapping` iliyoondolewa katika 3.10, mwisho hawajui kipi kilikuwa kibovu tangu zamani na kipi wamekivunja wao. Nilirudi kwanza 3.7 mpaka majaribio yote yapite. Hata huko yaligoma. Jinja2, maktaba ya violezo ambayo mradi unaitegemea, ilikuwa imewekewa kikomo chini ya toleo la 3, lakini MarkupSafe, ambayo Jinja2 nayo inaitegemea, iliachwa bila kikomo, na toleo lake la 2.1.0 la mwaka 2022 liliondoa `soft_unicode` ambayo Jinja2 ya zamani inaitegemea. Mstari mmoja, `MarkupSafe==2.0.1`, ulimaliza.

Ndipo nikapanda ngazi moja moja, 3.8, 3.9 na kuendelea, kila mara nikiendesha majaribio kwa `pytest -W error::DeprecationWarning`. Amri hiyo hugeuza onyo la kitu kinachokaribia kuondolewa kuwa kosa, hivyo kitakachokufa 3.10 unakiona ukiwa bado 3.9.

Sikugusa mpangilio wa msimbo. Kupitisha Black, zana ya kupanga msimbo upya, kwenye mradi mzima kunavutia, lakini mabadiliko yote yaliyokuwa yakisubiri yangegongana, na `git blame`, inayoonyesha nani aliandika mstari gani, ingeonyesha jina langu kwenye kila mstari uliopangwa upya. Mabadiliko yaliyofaa niliyachukua kwa `git cherry-pick`, ambayo humwacha mwandishi wa awali na jina lake. Watu waliopuuzwa miaka hurudi wakiona hivyo.

Jibu halikuja, nikatumia PEP 541, utaratibu wa kuomba jina la mradi uliotelekezwa kwenye PyPI, hazina kuu ya maktaba za Python. Mradi huhesabiwa umetelekezwa ikiwa mmiliki hapatikani, hakuna toleo ndani ya miezi 12, na hana shughuli yoyote kwenye ukurasa wa mradi. Mwombaji aonyeshe alivyomtafuta mmiliki akamkosa, maboresho aliyokwisha kufanya, na kwa nini jina jipya halitafaa. Hilo la mwisho ndilo gumu: hoja yangu ilikuwa programu nyingine zinazoita jina la zamani. Wasimamizi nao humtafuta mmiliki angalau mara 3, na huacha baada ya wiki 6. Tunza barua pepe na tarehe zake.

Nilipokabidhiwa jina, toleo langu la kwanza lilikuwa na marekebisho tu, hakuna kipya, tena nililitanguliza kama `rc1`, toleo la majaribio: pip, zana ya kusakinisha, hailichukui toleo la majaribio hivihivi pakiwa na toleo kamili, ila kwa anayeliomba, mfano kwa `--pre`. Uangalifu huo una sababu. Faili likishapakiwa PyPI, jina lake halitumiki tena hata ukilifuta. Ukikosea, unapandisha namba.