Tairi kuukuu ndani ya zege

Kwanza tuelewane, tairi halitupwi zima zima humo kwenye zege. Linasagwa, zile waya zinatolewa kwa sumaku, unabaki na chenga za mpira, kubwa zinakaa badala ya kokoto na ndogo badala ya mchanga. Hapo sasa ndo utamu na balaa vinaanza, maana mpira ni mwepesi mno, uzito wake hata nusu ya kokoto haufiki, ukizidisha vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege lishikamane, chenga zote zinapanda juu zinaelea kama majani kwenye chai na chini linabaki zege lisilo na mpira.

Halafu mpira na maji haviivani kabisa. Chenga inaingia imebeba vipovu vya hewa, saruji haiishiki vizuri, na yenyewe laini, so nguvu ya zege inashuka, na kadiri unavyoongeza ndo inazidi kushuka. Wengine wanaziloweka kwanza kwenye kostiki soda alafu wanazisuuza, inasaidia kiasi lakini sio muujiza. Mi nguzo ya ghorofa siwezi kuiweka hii kitu, hapana.

Ila zege hili la mpira lipige nyundo uone! Zege la kawaida linapasuka paa, vipande huko, hili linachanika taratibu na vipande vinabaki vimeshikana. Ndo maana naona linafaa njia za waenda kwa miguu, vizuizi vya barabarani, hata ukuta wa kupunguza kelele. Na ukilikata kwa msumeno unaona madoa meusi kibao, kama keki ya zabibu hivi.