Ufunguo Ulibaki Uvinza

Juzi mjukuu wangu wa kati, yule mtundu mnayemfahamu, alijifunga pingu. Pingu za plastiki, zile zinazouzwa mfuko mmoja na bastola na filimbi pale soko la Mwanga. Mkono mmoja wake, wa pili wa dada yake, ufunguo haujulikani ulipo. Wakaja uani wanalia kwa zamu, huyu anamvuta huyu, kila mmoja anamsingizia mwenzake. Bibi yao akanitupia jicho, maana mnunuzi ni mimi. Badala ya kusaidia nikaanza kucheka, nikacheka mpaka kikohozi kikanishika.

"Haya, leo tena Uvinza," mke wangu akasema.

Habari ya Uvinza nyumbani kwangu haina mgeni. Nimeisimulia kwenye harusi mbili, nikaisimulia siku ya kuagwa kazini, na shemeji zangu wanaijua kuliko ninavyoijua mimi. Kwa hiyo mwanzo wake nitaupitia mbio.

Mwaka ni 1987. Nina umri wa miaka ishirini na miwili, konstebo ambaye kola ya kaki bado inamkwaruza shingo. Mimi na koplo mmoja tumepewa mahabusu wa kupeleka Tabora. Kakamatiwa kwetu Kigoma, lakini kosa lake liko huko. Alikuwa mlinzi wa ghala. Usiku wa zamu yake mabati kumi na mawili yakatoweka, na yeye akatoweka usiku huohuo. Mzee wa miaka hamsini hivi, Muha wa Kasulu, mfupi, na koti lisilobaki na kifungo hata kimoja.

Kumfunga pingu na mimi lilikuwa wazo langu mwenyewe. Niliogopa usingizi. Kutoka Kigoma mpaka Tabora ni kilomita zaidi ya mia nne, treni inaondoka jioni na kufika asubuhi Mungu akipenda, na nilijijua: nikikaa dirishani nalala. Koplo akakubali. Ufunguo akautia mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaupigapiga kwa kiganja. "Aliyefungwa hakai na ufunguo," akasema. Ndiyo utaratibu, na hata leo siwezi kuupinga.

Uvinza treni ikasimama, kama kawaida yake, muda wa kutosha mtu kununua chumvi, kupatana bei ya kuku na kugombana na muuzaji. Koplo akashuka kula. Sisi wawili tukabaki dirishani tukimtazama. Akaagiza ugali na mgebuka, akanawa taratibu, akakunja mikono ya shati. Tonge la tatu, honi. La nne, behewa likasogea. Mbio alizopiga koplo yule sijaona tena mtu akizipiga: mkono mmoja kofia, mkono mwingine sahani ya watu hajairudisha, mama ntilie nyuma yake akidai sahani yake. Akatufikia usawa wa dirisha, akatutazama, mdomo umejaa, akashindwa hata kutamka neno. Kisha akabaki nyuma, akawa mdogo, akapotea gizani. Na ufunguo ukabaki naye.

Hapo ndipo watu huwa wanavunjika mbavu.

Ningeweza kumwambia gadi wa treni. Ningeweza kushuka Nguruka nikamwona stesheni masta. Sikufanya hata moja, kwa aibu tu. Askari mzima, unaanzaje kusema umejifunga na mwizi na ufunguo huna? Mzee akavua koti upande mmoja, akalilaza juu ya mikono yetu. Abiria waliopandia mbele wakatuona baba na mwana, mmoja anaumwa. Mambo ya choo cha daraja la tatu kwa watu wawili sitayaeleza, hapa pana watoto.

Njia nzima alikuwa ananiita afande. Tulipovuka Malagarasi akauliza, "Wakati wa vita ulikuwa wapi, afande?" Kwa watu wa rika letu ukisema vita hutaji ya nani na nani. Nikamwambia nilikuwa darasa la sita. Nikamsimulia tulivyosongamana kwenye redio ya mwalimu mkuu mwezi Novemba 1978, Mwalimu Nyerere akisema uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo, na jinsi baada ya hapo michezo yetu yote ilivyoharibika kwa kuwa hakuna aliyekubali kuwa Amin. Akacheka kidogo. Akanyamaza. Nikalala, usingizi nilioogopa ulikuja palepale.

Kaliua ndipo njia ya Mpanda inapoungana na reli yetu, na usiku ule, saa tisa hivi, injini ilikuwa inapanga mabehewa. Waliosafiri na treni zile mnaujua mlio wenyewe. Injini ikisukuma, mshtuko hauji mara moja. Unaanza mbali, behewa la kwanza linagonga la pili, la pili la tatu, na kishindo kinakuja kwako, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia, mpaka kinafika kwako na kukupitia.

Mimi nilikuwa usingizini, sikuusikia mwanzo. Kilichoniamsha ni mkono wangu wa kushoto kung'oka. Mkono ulitangulia chini, mwili ukafuata. Nikajikuta kifudifudi sakafuni, katikati ya viti, mdomo umegonga chuma cha mguu wa kiti, shavu limeloa mawese yaliyovuja kwenye dumu la mtu, na pua imejaa harufu ya gunia la dagaa. Juu yangu mzee. Uzito wake wote. Mkono wake uliofungwa umejikunja pamoja na wangu chini ya vifua vyetu, na ule ulio huru kauweka kisogoni kwangu, kiganja wazi, anakandamiza kama mtu anayemzuia mtoto asichungulie shimo. Moyo wake niliusikia mgongoni mwangu. Na sikioni kwangu alikuwa anahesabu. "Nne. Tano. Sita." Taratibu, bila haraka, kila kishindo na namba yake. "Saba." Kishindo kikatupita, kikaelekea mabehewa ya nyuma. Akaendelea kuhesabu.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa kiti cha pili akaamka, akawasha tochi, akaona koti limeanguka, pingu, na askari chini ya mtu. "Anamuua askari! Jamani, anamuua askari!"

Akavua kiatu. Raizoni, ile ya soli nene kama tofali, ambayo mjini watu walishaiacha miaka mingi, lakini mama yule hakuwa ameiacha na usiku ule ilimfaa. Akaanza kumpiga mzee mgongoni. Mimi niliye chini niliisikia kwa mbali, kama mtu anakung'uta mkeka nyumba ya pili. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Mzee hakujikinga. Kujikinga kungemtaka aondoe kiganja kichwani kwangu, na hakukiondoa.

Nyumbani husimulia mpaka hapo. Askari, mahabusu na raizoni, watu wanacheka, mtu anaongeza chai, tunahamia habari nyingine.

Ambacho huwa sisemi ni kwamba nilikuwa macho kabisa, na mdomo, ingawa ulikuwa unatoka damu, ulikuwa unafanya kazi. Nilishaelewa kwamba mzee hanidhuru. Nilielewa kabla ya kiatu cha kwanza. Lakini nilinyamaza, nikaacha apigwe mara nne, labda tano, kwa sababu nilikuwa natafuta jinsi ya kuinuka bila behewa zima kujua nani alikuwa anamlinda nani. Ya mwisho ndipo nikasema, "Mama, basi. Acha."

Wanaume wawili wakaleta kamba. Nikawakatalia, kwa sauti ya kiaskari ambayo sijui niliitoa wapi. Tukarudi kitini. Mzee anatetemeka, mimi natetemeka, mnyororo unalia katikati yetu.

Karibu na Urambo akaanza kusema mwenyewe. Hakuniita tena afande; alisema "kijana". Alichukuliwa mgambo, wakapandishwa treni mpaka Mwanza, wakavuka ziwa, na kutoka mpakani Mutukula wakaingia Uganda kwa miguu. Machi 1979 walifika Lukaya, barabara inayokatiza kwenye kinamasi, mafunjo kushoto, mafunjo kulia. Brigedi yao wengi walikuwa mgambo kama yeye, watu walioacha jembe miezi michache nyuma. "Makombora yetu Waganda wenyewe waliyaita saba saba," akasema. "Jioni ile tukaonjeshwa ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Yanakuja kwa mstari, kijana. La kwanza kule, la pili hapa karibu, unajua kabisa la tatu ni lako."

"Ikawaje?"

"Nikakimbia. Tulikimbia wengi. Kesho yake tukarudi, tukapigana, tukawatoa. Ya kesho yake inasimuliwa. Ya jioni haisimuliwi."

Kulikuwa kunakucha. Nje miombo inatoka gizani, na mizinga ya nyuki inaning'inia juu ya miti. Nikamwambia, maana nilitaka kumpa kitu, "Lakini leo hukukimbia, mzee. Umenifunika."

Akainua mkono, mkono wangu nao ukainuka. "Ningekimbilia wapi, na wewe huku?"

Tukacheka wote wawili. Nimelichambua jibu lile miaka karibu arobaini na sijaona linapoelemea. Pingu ilinivuta chini, hilo halina ubishi. Lakini pingu haina kiganja.

Nikamuuliza kuhusu mabati. Akasema usiku ule alisikia bati likianguka ghalani, mlio mmoja, kisha wa pili. Alipokuja kuzinduka alikuwa porini, mbali, bila viatu. Asubuhi akaona aibu kurudi. Nilikuwa na miaka miwili tu kazini lakini nilishajifunza kwamba kila mwizi ana hadithi, na nyingine nzuri kuliko hii. Sikumjibu. Nje wauza asali walishaanza kugonga madirisha, "Mwangaluka! Mwangaluka!", akaninunulia karanga kwa sarafu aliyoificha sijui wapi, nilipompekua sikuiona.

Tabora tulitembea kutoka stesheni chini ya miembe, koti juu ya mikono. Kituoni, sajini wa kaunta akatutazama, akachukua ufunguo uliokuwa unaning'inia kwenye msumari nyuma yake, akazifungua pingu kwa sekunde mbili. "Funguo za pingu hizi zote ni moja," akasema. "Hamkufundishwa?" Maana yake Nguruka, Kaliua, Urambo, popote ambapo ningekutana na askari mwenzangu, mambo yangekwisha.

Kisha akaona mdomo wangu umevimba na shati lina mawese mpaka kiunoni. Gadi wa treni, aliyetusindikiza kutoka stesheni kwa moyo wake mwema, akasema kulikuwa na vurugu Kaliua. Sajini akafungua kitabu. Akamwelekezea mzee kalamu.

"Huyu ndiye aliyekuangusha?"

"Ndiyo, afande."

Na ni kweli. Aliniangusha. Ukinileta mahakamani leo, ukaniapisha, nitajibu vilevile. Nikaiona kalamu ikiandika, maneno mengi kuliko yale mawili niliyosema, na moja lilikuwa "alishambulia". Nilikuwa na nafasi. Kaunta haikuwa na foleni. Lakini nikianza kueleza ya sakafuni, nitaulizwa koplo alikuwa wapi, na koplo alikuwa Uvinza na sahani ya mama ntilie. Nikajiambia nitaeleza baadaye, koplo akishafika. Alifika kwa treni iliyofuata. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba anashukuru sikumtaja.

Mzee alikuwa anasugua kifundo cha mkono. Akasema, "Asante kwa safari, afande." Alikuwa amerudi kwenye afande.

Kesi yake sikuifuatilia. Nimepita Tabora mara nyingi baada ya hapo, kwa treni na baadaye kwa basi, nikiwa na nyota na bila nyota, na kuuliza kungenigharimu dakika tano. Kila tarehe 25 Julai, wanapoweka mkuki na ngao na upinde na mishale kwenye mnara wa mashujaa, nakaa karibu sana na televisheni, mke wangu anadhani ni macho. Natazama mstari wa wazee. Wafupi ni wengi.

Sasa pingu za juzi. Wakati mimi nacheka na kukohoa, yule dada akagundua kwamba pembeni pana kidude kidogo, ukikibonyeza zinafunguka zenyewe bila ufunguo. Wakajifungua, wakafuta machozi, wakakaa mkekani kudai hadithi. Nikawapa: Uvinza, sahani, koplo anakimbia, Kaliua, mama na raizoni yake. Wakagaragara kwa kicheko. Yule wa kati ndiye aliyewahi kunyamaza.

"Halafu, babu?"

"Halafu wakafika Tabora," bibi yake akamjibu kutoka jikoni. "Haya, nendeni mkanawe."