Nilivyopimwa saratani ya mlango wa kizazi nikiwa sina dalili yoyote

Nilifika umri wa miaka 38 bila kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, si kwa kukosa habari, bali kwa sababu sikuwa na maumivu wala damu ya kunitia shaka, nami niliamini kuwa anayekwenda kupimwa ni anayeumwa. Siku ya upimaji wa bure nilimsindikiza tu dada yangu. Muuguzi aliyekuwa akiandikisha majina akaniuliza, "Na wewe, dada, tukuandike?" Nikakosa sababu ya kukataa.

Muuguzi alipaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi kwa pamba, kisha akasubiri dakika moja, macho yakiwa kwenye saa yake ya mkononi. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe, na kwangu doa jeupe lilijitokeza. Mikono ilinifa ganzi. Akanieleza polepole kwamba lile doa si lazima liwe saratani. Kwa jinsi alivyoliona, ni mabadiliko ya awali yaletwayo na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, ambavyo mwili huviondoa wenyewe mara nyingi, lakini vikikawia, mabadiliko hayo huweza kuwa saratani baada ya miaka mingi, aghalabu 15 hadi 20. Miaka yote hiyo mtu hahisi kitu.

Doa lilichomwa siku hiyo hiyo kwa kifaa cha joto, kwa muda mfupi, na maumivu yake yalikuwa kama ya hedhi. Kazi ngumu ilinisubiri nyumbani, kwa kuwa nilitakiwa kutokutana kimwili na mume wangu kwa wiki kadhaa, naye aliposikia habari ya virusi alidhani kuna aliyekosa uaminifu. Ilinibidi nimweleze zaidi ya mara moja kwamba virusi hivyo huweza kukaa mwilini miaka mingi bila kujulikana, hata tangu kabla hatujaoana.

Shirika la Afya Duniani, katika malengo yake ya mwaka 2030, limeweka pamoja asilimia 70 ya wanawake kupimwa na asilimia 90 ya wanaogunduliwa kuwa na tatizo kutibiwa, na naona ni haki yasitenganishwe. Ningepewa karatasi ya kwenda kutibiwa kwingine siku nyingine, naogopa ningeifungia kabatini.

Baada ya mwaka nilirudi kama nilivyoagizwa. Siki ikapakwa, dakika ikapita, na hapakuwa na doa.