Kabla ya Kununua Rasta, Shika Kwanza Nywele Zako za Mbele

Ukisimama kwenye meza ya nywele pale Makoroboi, jijini Mwanza, utaulizwa maswali mawili tu: namba ngapi, na pisi ngapi. Hakuna atakayekuuliza nywele zako za pembeni zina hali gani. Kazi hiyo ni yako, na inaamua mambo mengi kuliko rangi na urefu: kama uchukue rasta, wivingi, nywele za kuchomeka, wigi, au ukae mwezi mzima na twende kilioni ya nywele zako tu.

Anza nyumbani, mchana, mbele ya kioo. Shika nywele za juu ya sikio na za kwenye paji kwa vidole viwili. Kama zinashikika vizuri na ngozi chini yake haichungulii, mtindo wowote utakufaa ukisukwa kwa adabu. Kama ni laini na fupi kama manyoya ya kifaranga, au kuna mstari wa ngozi inayong'aa, eneo hilo halisukwi, basi. Nywele zilizonyonyoka kwa kuvutwa hurudi zikiachwa mapema. Zikivutwa mwaka baada ya mwaka, shina lenyewe hufa na kuacha kovu, na hakuna mafuta ya kulifufua. Dalili za mwanzo zinajulikana: vipele vidogo vyeupe kwenye mizizi, ngozi kuuma ukigusa mto, kumeza Panadol usiku wa kwanza. Wengi wetu tumekuzwa tukiamini kwamba msusi anayekaza ndiye fundi. Si kweli. Msuko unadumu kwa sababu mkono ni sawa kutoka juu hadi chini na kiasi cha rasta kinalingana na nywele zinazoibeba. Mizizi kulia haiongezi hata siku moja.

Wawili wasubiri kidogo. Aliyetia dawa angoje angalau wiki 2 ndipo asuke, maana nywele zimetoka kudhoofishwa. Na mama aliyejifungua, kichwa kikianza kupukutika mwezi wa tatu hivi, asiogope: hali hiyo ni ya kawaida na huisha yenyewe. Ila huo si wakati wa kukitwisha pisi 6.

Baada ya kichwa, tazama kazi. Anayeshinda Mwaloni Kirumba kwenye dagaa na samaki wa kubanika hafai kutumia pesa nyingi kwa nywele za binadamu zinazoachwa wazi, kwa sababu hunasa moshi na harufu na kuzitoa ni kuosha mara kwa mara. Kwake misuko mifupi chini ya kilemba ina akili zaidi. Anayekaanga samaki au vitumbua ajue rasta husinyaa na kugandamana ikipigwa na mvuke wa mafuta karibu na karai. Anayepanda bodaboda kila siku aepuke fundo kubwa utosini: kofia ngumu ama haitaingia, ama itakandamiza fundo hilo na kuvuta mizizi njia nzima kutoka Igoma hadi mjini.

Sasa rasta zenyewe. Nyingi ni uzi wa kiwandani. Kanekalon unayoiona kwenye pakiti ni jina la uzi wa kampuni ya Kaneka ya Japani, na uzi wa aina hiyo hushika msuko kwa sababu una ukwaru kidogo, tofauti na zile za kuteleza zinazong'aa kama mfuko wa plastiki. Toa nyuzi chache, zipeleke juani, nje ya taa ya duka. Zikimetameta kwa weupe, zitametameta kichwani. Hapo hapo angalia rangi. Namba 1 ni nyeusi tii, 1B ni nyeusi iliyopoa, 2 na 4 ni kahawia iliyokolea, 27 ni ya asali, 33 inaelekea wekundu, 99J ni zambarau ya mvinyo. Nywele zetu nyingi ni 1B. Wengi huchukua 1 kwa mazoea, kisha juani mizizi inaonekana kama ya mtu mwingine.

Tazama pia ncha. Rasta iliyochambuliwa kiwandani ina ncha zisizolingana, nyingine fupi, nyingine ndefu, kwa hiyo msuko unaisha kwa kunyauka taratibu. Iliyokatwa sawasawa huisha kama ufagio, na hata ukiichovya kwenye maji ya moto haifungi vizuri. Ukiipata ya aina hiyo, ichambue mwenyewe: shika fungu katikati, vuta nyuzi chache chache kutoka kila upande mpaka ncha zipishane kwa kama shibiri moja.

Kuwashwa kichwa baada ya kusuka mara nyingi hutokana na dawa iliyopakwa kwenye uzi kiwandani. Weka maji ya uvuguvugu lita 4 au 5 kwenye beseni, mimina kikombe kimoja cha siki, ingiza rasta bila kuifungua ule mpira wa juu, iache dakika 20 hadi 30. Wakati mwingine utaona utando mweupe ukielea. Suuza mara mbili, anika kivulini. Maji yasiwe ya moto, kwa sababu moto ndio unaoupa uzi huu umbo: rasta iliyokunjamana kwenye maji ya moto hubaki imekunjamana. Fanya hivi siku moja kabla, si asubuhi ya kwenda saluni, maana rasta mbichi humchosha msusi na msuko hulegea ikikauka. Kama siki haikusaidia na ngozi inavimba au kutoa maji, fumua. Usivumilie eti kwa sababu umeshalipa.

Uzito ndio watu wengi hawauhesabu. Geuza pakiti, soma gramu, maana pisi hazifanani: moja inaweza kuwa na gramu 80, nyingine 100, nyingine zaidi ya 150. Kwa hiyo kauli ya "mtindo huu unakula pisi 6" haina maana mpaka ujue ni pisi zipi. Pisi 7 za gramu 100 ni gramu 700, karibu robo tatu ya kilo inayoning'inia kichwani usiku na mchana, na ikilowa huongezeka. Urefu nao unakula: rasta ya mabegani hukatwa, na pisi moja inatoa misuko mingi; ya kiunoni inatumia uzi wote kwa misuko michache. Ukiwa na nywele nyembamba na unataka urefu, punguza unene. Ukitaka unene, punguza urefu. Vyote viwili kwa pamoja ni vya wenye nywele nzito.

Na hapa msusi ndiye mwenye kosa au sifa. Chunguza kijumba kimoja, yaani kile kipande cha kichwa kinachobeba msuko mmoja, pale mistari inapokutana. Zile nywele zako zilizomo ndani ya kijumba ndizo nguzo, na rasta ndiyo mzigo. Kijumba kidogo chenye msuko mnene ni mtoto aliyebebeshwa ndoo ya lita 20. Dai vijumba vya mbele viwe vikubwa kidogo na misuko yake iwe myembamba kuliko ya katikati, na nywele za ukingoni kabisa ziachwe nje. Notilesi, ile isiyo na fundo mwanzoni, inasaidia, kwa sababu msusi huanza na nywele zako mwenyewe na kuongeza rasta kidogo kidogo, mara 3 au 4, akishuka. Mzigo hauangukii sehemu moja. Gharama yake ni saa nyingi kitini, na mizizi huanza kuvurugika mapema. Kwenye nywele za dawa zilizolainika, notilesi huteleza. Huko fundo dogo lisilokazwa linafaa zaidi.

Kuchovya ncha ili zifunge: maji yakishachemka yaepue jikoni, funika mgongo kwa taulo nene, zamisha ncha tu kwa sekunde 5 hadi 10, toa, kamua kwa taulo kavu. Ajali nyingi hutokea pale mtu anapotaka kuzamisha msuko mzima na maji yakarudi mgongoni. Nywele za binadamu hazifungi kwa maji ya moto, kwa hiyo misuko ya nywele za binadamu tupu hufumuka nchani. Lakini kwenye ile mitindo ya misuko yenye vikucha, yaani vishungi vya mawimbi vinavyoachwa nje, hivyo vikucha ndivyo viwe vya nywele za binadamu. Vikiwa vya uzi wa kiwandani, wiki ya pili ni matambara.

Tuje kwenye nywele za binadamu zenyewe, ambazo madukani huitwa hyumani. Hapa watu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Omba nyuzi 3 hadi 5, zikatwe sehemu tatu tofauti za bando, yaani fungu moja linalouzwa, si pale juu tu panapopendeza. Zishike kwa koleo juu ya kifuniko cha bati, washa kiberiti. Nywele ya binadamu huungua upesi, hunuka manyoya ya kuku yaliyoungua, na majivu yake hupukutika ukiyasugua. Uzi wa kiwandani husinyaa kwanza, hunuka plastiki, na hubaki kijipunje kigumu kinachochoma kidole. Ukipata vyote viwili ndani ya bando moja, umekutana na mchanganyiko. Si haramu kuununua, ila usiulipe kwa bei ya nywele tupu, na usiuwekee pasi ya moto. Muuzaji anayekunyima nyuzi tatu, mwachie bando lake.

Jaribio la pili halihitaji moto. Kamata kishungi chembamba, telezesha vidole kutoka juu kwenda nchani, kisha rudi. Kushuka kuwe laini, kupanda kuwe na ukwaru kidogo. Ukwaru huo ni magamba ya unywele, na maana yake nywele zote zimelala upande mmoja kama zilivyokatwa. Pande zote zikiteleza kama kioo, magamba yameondolewa kwa asidi na nywele zikapakwa silikoni. Zitang'aa mpaka mosho wa pili au wa tatu, halafu zitaanza kufungana nyuma ya shingo, ambako jasho na kola ya nguo vinasugua.

Majina ya Brazili na Peru yasikusumbue. Kwa kawaida ni majina ya biashara yanayoeleza wimbi na wingi. Nywele nyingi zinatoka India, zikiwemo za mahekalu kama la Tirumala ambako waumini hunyoa kwa nadhiri, na mji wa Xuchang nchini China ni kitovu kikubwa cha kuzitengeneza. Katika bajeti ya 2019/20, nywele za bandia kutoka nje ziliwekewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 na za ndani asilimia 10, kwa hiyo "hyumani tupu" ya bei chee ni ya kuulizia mara mbili.

Bando la kawaida ni gramu 100. Lipime hata kwenye mizani ya muuza dagaa, maana yapo ya gramu 80 yanayouzwa kama kamili. Kwa inchi 10 hadi 14, mabando 2 hutosha; inchi 16 hadi 20, matatu; kuzidi hapo, manne. Nywele za mawimbi hupimwa zikiwa zimenyooshwa, hivyo inchi 16 za kujikunja zitaning'inia kama 12 au 13.

Kuzivaa, shonea. Sindano iliyopinda ipite chini ya tuta la msuko, isilitoboe, na mshono, yaani ule ukanda uliobeba nywele za bando, ukifika mwisho ukunjwe badala ya kukatwa, kwa kuwa mshono uliokatwa humwaga nywele. Kubandika kwa gundi moja kwa moja kwenye ngozi mimi sikushauri. Gundi nyingi za aina hiyo zina mpira wa asili, unaowadhuru baadhi ya watu, na wakati wa kutoa huondoka na nywele. Wigi linalovuliwa usiku ni jibu zuri kwa mwenye mbele dhaifu, alimradi halikai juu ya mkanda unaobana mstari ule ule kila siku. Nywele za kuchomeka kwa kroshia ni nyepesi na zinamalizika kwa saa 2 au 3, ila tuta la chini lisukwe dogo. Za vibanio na za pete ndogo zilibuniwa kwa nywele zilizonyooka. Kwa kipilipili tuziache.

Nunua pisi zote siku moja, duka moja, pamoja na moja ya ziada isiyofunguliwa ambayo umekubaliana kuirudisha. Weusi wa mzigo mmoja haufanani na wa mwingine, na anayevuka na kivuko kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, hawezi kurudi mjini kwa pisi moja iliyopungua.

Misuko isizidi wiki 6 hadi 8. Wakati wa kufumua, ule uchafu mweupe kwenye mzizi utenganishe kwa vidole na mafuta kabla maji hayajagusa kichwa, la sivyo utapata dredi usiyoitaka. Donge la nywele litakalobaki mkononi lisikutishe: kichwa hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, na kwa wiki 6, yaani siku 42, zote zilikuwa zimeshikiliwa na msuko. Chambua chache, uzitazame nchani. Zenye kidoti cheupe zimedondoka kwa zamu yake. Fupi zisizo na kidoti zimekatika, na kama nyingi zinatoka mbele, safari ijayo mbele pasiguswe.